Bibi Mwungwana Mlangoni

Januari ikielekea ukingoni, Attracta Gilhooly huwavisha watoto gambuti, huwashikisha kamba moja ndefu, na kuwapeleka shambani kwa mumewe kung'oa matete. Wanang'oa, hawakati. "Chuma hakigusi matete ya Mtakatifu Brigida," huwaambia, na mtoto atakayeonekana na mkasi mfukoni hunyang'anywa papo hapo. Basi huinama kwenye maji baridi, hukumbatia kichaka cha matete kama wanavyokumbatia miguu ya mama zao, na kuvuta mpaka waanguke chali.

Packy, mumewe, husimama getini na mbwa wake. Mwaka mzima mkulima wa hapa Leitrim, Ayalandi, huyalaani matete haya, maana hula malisho na kuacha ng'ombe wakitazamana. Siku hiyo moja tu ndipo yanapopendwa.

"Chukueni yote!" Packy hupaza sauti. "Msiniachie hata moja! Mkimaliza hapa nendeni na kwa jirani!"

Utani huo ni wa kila mwaka. Watoto huucheka kama mpya, kwa sababu ukiwa na miaka minne kila kitu ni kipya.

Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu magazeti yetu hayawaandiki watu wa namna yake. Alizaliwa hapa hapa Corrabeagh. Akiwa msichana alikwenda Dublin kushona kola katika kiwanda cha mashati, kiwanda kikafungwa, akarudi na begi lile lile aliloondoka nalo. Akaolewa na Packy. Hawakujaliwa mtoto. Siku moja alimwomba padri ufunguo wa ukumbi wa parokia, akafagia mavi ya njiwa, akapigilia misumari ya kutundikia makoti chini kabisa ukutani, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, akafungua chekechea. Nusu ya vijana wa parokia hii wamejifunza kushika mkasi mbele ya macho yake. Mimi ni mmoja wao, na sasa ni zamu ya mwanangu Cathal.

Attracta hanunui vitu vya sikukuu. Kila mwezi wa Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick ikikaribia, maduka ya mjini hujaa kofia za kijani za plastiki, ndevu za rangi ya machungwa, na vijitu vya mpira vinavyokenua meno. Tunauziwa sura yetu wenyewe kwa mzaha, nasi tunapanga foleni kuinunua. Mimi nikiona hayo damu hunichemka. Attracta hachemki. Hukata kiazi katikati, akachonga umbo la moyo, akakichovya kwenye rangi ya kijani, na mtoto akagonga karatasi mara tatu, ncha zikutane: tayari, jani la Patrick. Kinubi hutoka kwenye kadibodi na nyuzi za sufu. Kondoo hutoka kwenye trei ya mayai, na manyoya yake ni yale halisi yaliyonasa kwenye seng'enge, ambayo watoto huyachambua njiani wakiwa wameshika kamba.

Lakini sikukuu aliyoiweka moyoni ni ya Mtakatifu Brigida, siku ya kwanza ya Februari, ambapo sisi husema majira ya kuchipua yameanza hata kama barafu bado iko ndooni. Na mkesha wake, mchana ukiwa unaisha, ndipo huchezwa mchezo wa mlango.

Mchezo wenyewe ni huu. Msichana mmoja hutoka nje peke yake, amejitanda shali, amebeba mganda wa matete. Huyo ndiye Brigida, ambaye usiku huo huzunguka nchi nzima akitembelea nyumba. Wengine wote hubaki ndani, watoto wamefumba macho. Yeye hugonga na kusema: "Pigeni magoti, fungueni macho, mpisheni Brigida aingie." Walio ndani, wakubwa kwa wadogo, hupiga magoti na kujibu: "Karibu, karibu, karibu bibi mwungwana!" Mlango hufunguliwa, Brigida huingia, huweka matete chini ya meza. Kisha huliwa viazi vya kupondwa vyenye kisima cha siagi katikati, na baada ya kula watu husuka misalaba kwa matete yale yale, ya kutundika juu ya mlango ili nyumba isiungue moto.

Nani atoke nje? Attracta alipokea kanuni kwa mama yake: atoke msichana mwenye jina la Brigida. Zamani hapakuwa na nyumba isiyo na mmoja. Bridget, Bríd, Breege, Bridie, ukiita mlangoni waliitika watatu. Siku hizi wazazi wamelikimbia jina hilo, eti linanuka moshi wa mboji ya kuwashia moto na jikoni za matajiri walikofanya kazi nyanya zetu. Wakikosekana wenye jina, watoto huvuta matete yaliyofichwa kiganjani, na mwenye tete fupi ndiye Brigida. Kwa miaka mingi Attracta alikuwa akificha matete kiganjani.

Kisha Januari moja akaja Bridget Mongan.

Alitoka kwenye nyumba za magurudumu zilizo kando ya machimbo ya zamani ya mawe, kwa watu tunaowaita Wasafiri. Ni Waayalandi kama sisi, wameishi barabarani tangu babu wa babu zao, na sisi wenye nyumba za mawe tumewafanyia mambo ambayo tutakuja kuulizwa. Bridget alikuwa na miaka minne, nywele nyekundu, sauti ndogo. Hakujua wimbo hata mmoja wa chekechea. Lakini siku ya kwanza alipopewa karatasi za rangi, wenzake wakiwa bado wanapaka gundi kwenye nyusi, yeye alikunja, akasokota, akafunga kwa uzi, akaweka mezani ua la waridi.

"Nani amekufundisha, hazina yangu?" Attracta akamwuliza.

"Nyanya. Tunauza. Mlango kwa mlango."

Attracta alilitia ua lile kwenye glasi dirishani, akalitilia maji, kwa sababu Bridget alisisitiza kwamba lina kiu.

Mkesha ulipokaribia, Attracta akamwita pembeni, akamweleza mchezo. Nilikuwa nimekuja kumchukua Cathal, nimeinama namtafutia gambuti la pili, nikawasikia.

"Kwa hiyo mimi nagonga," Bridget alisema.

"Wewe unagonga."

"Na wao wako ndani."

"Wote wako ndani."

Mtoto akafikiri. "Na wakikataa?"

"Hawawezi kukataa. Mchezo hauna kukataa."

"Nyanya akigonga, wanakataa. Wanafunga. Halafu nyanya anasema asante."

Attracta alimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, polepole, kama anayefunga kitu kinachovunjika. "Hapa watasema karibu," akasema. "Mara tatu. Nakuahidi."

Ahadi hiyo ilimgharimu. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi ni Noreen McGarry, na lazima nimtendee haki: ni yeye aliyepaka rangi kuta za ukumbi, tena akiwa na mimba kubwa, na hakuna msiba katika parokia hii usiofikiwa na keki yake. Binti yake Fiadh alikosa tete fupi mwaka uliotangulia, akalia mpaka akatapika. Attracta alimwambia, "Labda mwakani." Noreen alilibeba neno hilo nyumbani na njiani lile "labda" likadondoka. Joho jeupe lilikuwa limeshashonwa.

Kamati ilikutana ukumbini. Viti vikubwa vilikuwa vimeazimwa kwenye msiba, kwa hiyo tulikaa kwenye vya watoto, magoti masikioni, vikombe vya chai sakafuni.

"Mimi sina neno na watu wale," Noreen alianza. "Kila mtu na maisha yake. Lakini Fiadh amesubiri mwaka mzima. Yule hata mwezi hajamaliza."

"Leo wapo, kesho hawapo," akasema Malachy Duignan, baba wa mapacha. "Ndiyo maana wakaitwa Wasafiri."

"Wamekaa machimboni kabla wewe hujazaliwa, Malachy," nikasema.

"Hukuulizwa, Fergal."

"Nasema bila kuulizwa! Tunamtungia nyimbo Brigida, mlinzi wa wasio na makazi, halafu akija mtoto mwenye jina lake, kutoka barabarani kabisa, tunatafuta joho la mtoto mwingine! Huu ni..." Nikasimama kwa hasira. Kiti kidogo kikasimama nami, kimening'ang'ania makalioni.

Malachy akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Hata Noreen aliangalia pembeni akiuma mdomo.

"Kaa chini, Fergal," Attracta akasema. "Kiti ni cha mwanao. Ukikivunja atakaa wapi?"

Nikakaa.

Noreen akatoa pendekezo lake. Mwaka huu mchezo wa mlango uachwe. Watoto wasuke misalaba, viazi viliwe, watu waende nyumbani, na hakuna atakayeumia. Vichwa vikaanza kukubali. Lilionekana jambo la busara. Kisha akaongeza, bila kumtazama Attracta, kwamba chekechea mpya ya mjini ina nafasi, na familia kadhaa zimeshauliza. Kila mtu alielewa. Wakiondoka watoto wachache tu, ukumbi huu unafungwa, na Attracta anarudi kuhesabiwa kuwa mke wa Packy basi.

Attracta alikuwa anabandua gundi iliyokauka vidoleni. Alibandua mpaka kidole cha mwisho.

"Dada yangu aliitwa Bridget," alisema. "Kila mwaka yeye ndiye aliyetoka. Mimi sikutoka hata mara moja, Noreen. Nililia kuliko Fiadh. Nililala chini ya kitanda na mbwa. Mama akaja akainama, akaniambia, 'Kazi yako wewe ni kupiga magoti na kusema karibu.' Nikaona amenipa kazi ya mabaki." Akaokota kikombe chake. "Mchezo upo. Bridget atatoka."

"Na tukiwatoa watoto wetu?" Malachy aliuliza, si kwa ukali sasa.

"Nitabaki na watakaobaki."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Familia mbili hazikuja. Malachy alikuja, kwa sababu mapacha walikuwa wamekaa ndani ya gari tangu baada ya chakula cha mchana na kukataa kushuka. Noreen naye alikuja na Fiadh, akapita moja kwa moja jikoni bila kuvua koti. "Nimekuja kwa ajili ya viazi," alimwambia kila aliyemtazama. "Nyie hamjui kuponda viazi."

Winnie Mongan, mama yake Bridget, alimteremsha mtoto akabaki kwenye gari lake nje ya geti. Attracta akatoka kwenye mvua bila mwavuli, akagonga kioo.

"Utamwona mwanao kupitia ukuta, Winnie?"

"Niko sawa hapa, Bi Attracta."

"Mimi siko sawa. Ninalowa. Ingia."

Winnie akaingia, akasimama karibu na makoti, mgongo ukutani.

Kisha Bridget akatandwa shali ya mama yake Attracta, kubwa mno, ikiburuta kama mkia. Akabebeshwa matete. Fiadh, ndani ya joho lake jeupe ambalo alikataa kulivua, alimsogelea akamtazama juu mpaka chini. Nikajiandaa kwa vita.

"Ukisema 'fungueni macho', sema kwa nguvu," Fiadh akamwagiza. "Mapacha huwa wanachungulia kabla."

Geti la barabarani lilifungwa, mlango wa mbele ukafunguliwa, Bridget akatoka, mlango ukafungwa. Sote tukaugeukia mlango ule, tukangoja.

Tuliendelea kungoja. Mvua iligonga bati, na hakuna kingine kilichogonga. Pacha mmoja akauliza kama Brigida ameenda chooni. Winnie alitazama viatu vyake. Attracta alisimama mbele ya watoto, mikono imeshikana tumboni, na nikaona vidole vimekuwa vyeupe. Angeweza kufungua mlango amwite. Lakini mlango haufunguliwi kabla ya hodi. Angeufungua, angekuwa amemwingiza mtoto aliyeokotwa nje kwenye mvua, si Brigida. Nami niliwaza: ameukimbia mlango. Amefika pale, ameukumbuka kila mlango aliowahi kusimama mbele yake nyuma ya sketi ya nyanya, ameondoka.

Ndipo tukasikia hodi. Ilitoka nyuma yetu.

Mlango wa jikoni unatazamana na ukumbi, uko wazi daima, na kwa hiyo sote tulipogeuka tulimwona Noreen McGarry, mwiko mkononi, mvuke wa viazi ukimzunguka, akiutazama mlango mdogo wa nyuma, ule wa kutolea takataka. Aliyekuwa nje aligonga tena, chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Pigeni magoti," sauti ndogo ikasema. "Fungueni macho. Mpisheni Brigida aingie."

Hakuna aliyetikisika. Mlango ule ulikuwa wa Noreen. Hakukuwa na mtu mwingine jikoni, na hodi ikipigwa mlangoni kwako huwezi kumtuma jirani aitikie. Niliona mgongo wake tu. Nilitaka kupaza sauti, na Attracta akanishika mkono bila kunitazama, kwa nguvu, kama anavyowashika watoto barabarani.

"Mama!" Fiadh akaita. "Mama, ni wewe! Sema!"

Noreen aliweka mwiko mezani. Alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni yenye maganda ya viazi na maji, na soksi zake nzuri. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya kwenye kamati. Ilikuwa na lafudhi ya zamani, ya watu wa milimani, kama sauti ya mtu aliyemfundisha akiwa mdogo.

"Karibu," akasema. "Karibu. Karibu, bibi mwungwana."

Akanyoosha mkono akafungua. Bridget alikuwa amesimama pale, amelowa, mganda wa matete umemfunika uso mpaka machoni. Walikuwa kimo kimoja, yule aliyepiga magoti na yule aliyesimama.

"Mbona ulikuja nyuma, mpenzi?" Noreen akamwuliza, kwa sauti ya chini.

"Nyanya amesema tusigonge mbele," Bridget akajibu. "Mbele wanaita polisi."

Winnie alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Noreen hakuinuka. Alipangusa mvua kwenye uso wa mtoto kwa ncha ya aproni yake, shavu moja, kisha la pili, kisha pua, na ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Matete yanawekwa chini ya meza," hatimaye akamwambia. "Ile pale. Pita."

Bridget akapita katikati yetu akiburuta shali. Na kwa kuwa hakuna aliyejua lini hasa tulipiga magoti, nitasema tu kwamba alipofika mezani sote tulikuwa chini, Malachy akiwemo, akishikilia kiuno.

Sitadanganya kwamba parokia iligeuka siku ile. Familia moja kati ya zile mbili ilihamia mjini na haijarudi. Noreen hakuomba radhi kwa yeyote, na wiki iliyofuata alibishana nami kuhusu hita za ukumbi kana kwamba mimi ndiye niliyeleta baridi. Lakini chekechea iko wazi, na Winnie sasa anaingia ndani bila kuitwa.

Siku ile tulikula viazi. Baadaye tukasuka. Attracta alipita meza kwa meza akikandamiza katikati ya kila msalaba kwa kidole gumba: kunja tete moja juu ya lenzake, geuza, kunja jingine, geuza, usiachie. Misalaba ya watoto ilikuwa kama buibui walioumia, na kila mmoja alisifiwa kwa jina la mwenyewe.

Bridget peke yake hakusuka. Alikuwa amekaa anautazama mlango wa mbele. Akateremka kitini, akavuta shali yake, akatoka kimya kimya. Kabla hatujaulizana amekwenda wapi, hodi ikapigwa. Safari hii mbele, kwa ngumi.

"Pigeni magoti!"

Tukacheka, tukapiga magoti, tukasema karibu mara tatu. Akaingia, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha, akageuka, akatoka tena. Hodi.

"Jamani magoti yangu," Malachy akaguna. "Attracta, mwambie inatosha. Chai inapoa."

Attracta alikuwa ameshapiga magoti, mkono mmoja kwenye kiti, msalaba uliosukwa nusu mkono wa pili.

"Mwache agonge," akasema. "Agonge mpaka achoke."

Ilikuwa giza, na alikuwa bado hajachoka.